Nani Mtendaji? Maiti, Mzimu na Ushahidi katika Riwaya ya Kwanza ya Muhammed Said Abdulla

1. Utangulizi

Riwaya ya upelelezi haina heshima kubwa katika vyuo vyetu. Huwekwa katika kapu la fasihi pendwa, ikahesabiwa kuwa kitu cha kusomwa safarini na kusahauliwa. Anayeumia zaidi ni mwandishi chipukizi. Kitabu chake cha kwanza kikiwa na maiti na mpelelezi, mhakiki hukimbilia kuuliza kimemwiga nani, kabla hajauliza kinasema nini.

Makala haya yanarudia mfano wa mwandishi ambaye naye alikuwa mgeni katika uwanja huo. Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa habari kutoka Unguja, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957–58. Hadithi hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya riwaya hii haimo hasa katika werevu wa mpelelezi wake. Imo katika swali ambalo ni la sarufi kabla ya kuwa la polisi: nani mtendaji?

2. Mzimu: mahali au mtendaji?

Tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa penye mzimu. Msomaji wa mashariki ya Kongo, asikiapo jina la kitabu, huelekea kufikiri juu ya roho ya marehemu, akatarajia hadithi ya kutisha. Lakini katika Kiswahili cha pwani neno mzimu lina maana mbili: ni roho, na pia ni mahali pa matambiko. Maana zote mbili zimo katika ngeli moja ya M-/MI-, wala umbo la neno halituambii ni ipi inayokusudiwa.

Tulinganishe sentensi mbili: "Ameuawa mzimuni" na "Ameuawa na mzimu". Ya kwanza inataja mahali, ya pili inataja mtendaji. Tofauti ya umbo ni ndogo mno: kiambishi tamati -ni upande mmoja, neno na upande wa pili. Hata hivyo, katika nafasi hiyo nyembamba ndimo riwaya nzima ilimojengwa. Maiti ikionekana mahali kama pale, jirani huteleza kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili bila kutambua kwamba ameteleza, na muuaji hupata kinga asiyoilipia.

Ni kweli kwamba wahakiki wamemwita Bwana Msa "Sherlock Holmes wa Kiswahili". Kiko anacho, na rafiki yake Najum anakumbusha Watson. Tunaweza hata kuongeza kwamba Arthur Conan Doyle, katika The Hound of the Baskervilles (1902), alikwisha kuonyesha jinsi binadamu anavyoweza kujificha nyuma ya kiumbe cha masimulizi. Lakini ulinganisho huo unaishia hapo. Mbwa wa Doyle ni kisa cha ukoo mmoja. Mzimu ni mahali pa umma, ambapo watu hupeleka ubani na nadhiri zao. Hivyo Bwana Msa ana kazi mbili: kumpata mhalifu, na kuishawishi jamii ibadili kile inachokubali kuwa maelezo ya kifo.

3. Kutoka -fa hadi -ua

Tukiutazama upelelezi kwa jicho la isimu, tunaona safari ya sentensi tatu: "Amekufa", "Ameuawa", "Fulani amemuua". Kitenzi -fa hakihitaji mtendaji. Kauli ya kutendwa katika -uawa inamdai mtendaji, lakini inaruhusu asitajwe. Sentensi ya tatu peke yake ndiyo inayomweka wazi. Baina ya sentensi hizo hapana budi pawe na ushahidi, na riwaya nzuri ya upelelezi humlazimisha msomaji apite kila hatua kwa miguu yake. Mzimu, kinyume chake, ni njia ya mkato: humtaja mtendaji kabla ya kuuliza swali lolote.

Jambo hili si la Unguja pekee. Tangu miaka ya 1990, katika miji yetu, Kinshasa na Lubumbashi ikiwamo, watoto wamefukuzwa majumbani kwa kushtakiwa uchawi, mara nyingi baada ya msiba au ugonjwa katika jamaa. "Ameliwa na mlozi" ni sentensi yenye muundo ule ule wa "Ameuawa na mzimu": mtendaji amepatikana, ushahidi haujatafutwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imeweka adhabu. Lakini sheria haifundishi kufikiri. Kitabu kinachomzoeza kijana kuuliza "umejuaje?" kabla ya kuuliza "ni nani?" kina kazi ya kufanya darasani.

4. Upungufu

Sifa hizi zisitufumbe macho. Kwanza, Bwana Msa hakosei kiasi cha kutosha. Hekima yake imekamilika mno, na msomaji hubaki akimstaajabia mahali ambapo angepaswa kushindana naye. Pili, imani ya mzimu inachukuliwa zaidi kama ujinga wa kuondolewa. Riwaya haituonyeshi vya kutosha watu wanapata nini pale wanapopeleka ubani: faraja, umoja, au haki waliyoikosa kwingine. Tatu, marehemu ni mwenye mashamba, lakini swali la nani aliyeyalima halikupewa uzito wake. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalionyesha kwamba swali hilo lilikuwa hai.

5. Hitimisho

Mwandishi chipukizi apimwe kwa swali analolifungua, hata kama kiko cha mpelelezi wake kimeazimwa. Mkongo Achille Ngoye alipoingia katika mfululizo wa Série Noire mwaka 1996 kwa Agence Black Bafoussa, aliandika kwa Kifaransa. Kijana wetu atakayechagua Kiswahili kwa riwaya ya namna hiyo atakuta lugha inayompa nyenzo tayari: ngeli inayoficha, kauli inayonyamaza, na neno dogo na linaloweza kumhukumu asiye na hatia. Sisi tulio walimu tuisome kazi yake kwa makini yale yale tunayoupa utenzi.