Namna ya kufupisha usiku wa MRP

Hesabu ya MRP, yaani upangaji wa mahitaji ya malighafi, ni nyepesi ukiishika kwa kipande kimoja. Wateja wameagiza matrekta 40, yaliyomo ghalani ni 25, basi yatengenezwe 15. Trekta moja lina ekseli mbili, kwa hiyo zinatakiwa ekseli 30. Zilizopo ni 12, zitengenezwe 18. Ekseli moja hufungwa kwa bolti 16, jumla bolti 288. Halafu unahesabu siku kurudi nyuma: bolti ziwepo ghalani kabla ekseli haijaanza kuunganishwa, ekseli iwe tayari kabla ya trekta. Toa, zidisha, rudisha tarehe. Ila kiwanda kikubwa kina vipande laki moja, na bolti ile ile inaingia kwenye ekseli, kwenye giaboksi, kwenye kiti cha dereva, na bado inauzwa dukani peke yake kama spea. Hapo ndipo programu inapoanzishwa saa mbili usiku na asubuhi wapangaji wanafika ofisini wanaikuta haijamaliza.

Ukiihesabu bolti kila unapokutana nayo, utairudia mara nyingi na kila mara jibu la awali litakuwa limekosewa. Ndiyo maana kila kipande hupewa namba ya ngazi, na namba hiyo hufuata mahali pa chini kabisa kinapoonekana katika bidhaa yoyote. Trekta liko ngazi ya 0, ekseli ngazi ya 1. Bolti, hata kama mahali fulani inafungwa moja kwa moja kwenye trekta, husubiri mpaka ngazi zote za juu yake zimalizike, mahitaji yake yote yakusanyike, ndipo ihesabiwe mara moja tu. Sijui kanuni nyingine katika kazi hii iliyookoa muda mwingi kuliko hii.

Joseph Orlicky, aliyefanya kazi katika kampuni ya matrekta ya J.I. Case mjini Racine, Wisconsin, kabla ya kwenda IBM, alilielewa tatizo la muda mapema. Katika kitabu chake cha 1975 kuhusu MRP alieleza njia mbili. Ya kwanza ni kufuta mpango wote na kuujenga upya, na kwa kompyuta za wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya mwisho wa wiki. Ya pili ni kugusa vile tu vilivyobadilika tangu hesabu iliyopita. Mifumo ya leo imeirithi njia ya pili. Katika SAP, mathalani, oda ikisogezwa kutoka Juni 12 kwenda Juni 14, kipande husika hutiwa alama kwenye faili la mpango, na usiku programu huchukua vyenye alama tu.

Basi swali la kwanza la kumuuliza anayelalamikia MRP ya polepole ni hili: je, kila usiku mnajenga mpango wote upya? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kuna mtu alichagua hivyo siku mfumo ulipowashwa, kwa tahadhari, na hakuna aliyegusa tena. Ujenzi kamili una mahali pake, kwa mfano baada ya mabadiliko makubwa ya mipangilio. Kuufanya kila siku ni kuandika upya maelfu ya oda ambazo hazikubadilika hata tarehe.

Hata hivyo alama zenyewe zinaweza kuzidi. Oda ya trekta ikisogea siku moja, mahitaji ya ekseli nayo yanasogea, ekseli inatiwa alama, kisha vipande vyake, mpaka chini kabisa. Idara ya mauzo ikiwa na ruhusa ya kubadili tarehe za wiki hii mpaka dakika ya mwisho, nusu ya kiwanda itahesabiwa upya kila usiku. Dawa ni kuweka kipindi ambacho mfumo hauruhusiwi kusogeza mpango wenyewe, na mabadiliko ndani yake yapite mikononi mwa mpangaji. Wengi huuona uamuzi huu kuwa wa idara ya uzalishaji peke yake, lakini mtu wa kompyuta ana kila sababu ya kuupigania.

Sasa niseme juu ya seva, kwa maana huwa naumia kuona fedha nyingi zikimwagwa hapo kwanza. MRP inaweza kugawanywa kwa prosesa nyingi zikafanya kazi kwa pamoja, na inafaa kufanya hivyo. Lakini zinagawana vipande vya ngazi moja tu kwa wakati mmoja. Ngazi ni kama basi la msafara wa harusi, haliondoki mpaka wa mwisho apande. Kukiwa na kipande kimoja chenye mahitaji makumi ya maelfu, prosesa moja itakishughulikia huku nyingine zote zimekaa. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl alilionyesha jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha mbio, hata uongeze mashine kiasi gani. Kwa hiyo fungua kumbukumbu za mfumo, tafuta ngazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote, kisha tafuta kipande kilichoichelewesha.

Mara nyingi kipande hicho ni kitu cha bei ndogo: bolti, washa, lebo, gundi. Kimewekewa kanuni ya kuzalisha oda moja kwa kila hitaji. Kikikusanywa kwa wiki, mahitaji ya siku sita za kazi yanakuwa oda moja, na kama kina vipande chini yake, navyo vinapunguziwa mzigo. Kwa bolti ningekwenda mbali zaidi, niitoe kabisa kwenye mnyororo wa mahitaji na kuiagiza kila akiba inapofika kiwango cha chini. Kiwanda hakitapata hasara kwa kuwa na bolti za ziada kwenye sanduku. Wakati huohuo zifungwe oda za miaka iliyopita ambazo bidhaa zake zilishatoka au hazitatoka tena, maana zikibaki wazi, programu itaendelea kuzisoma.

Kisha kuna msimbo ulioongezwa na watu wa ndani. Chukua ukaguzi mmoja unaouliza kanzidata swali la milisekunde 5. Ukiulizwa mara moja kwa kila kipande, vipande laki moja vinakula sekunde 500, dakika nane na kidogo. Ukiwekwa ndani ya mzunguko wa mahitaji, na kila kipande kina mahitaji 20, unakuwa maswali milioni mbili: sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47, endapo yanafuatana. Kusoma data yote mara moja mwanzoni na kuiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta kunaweza kuondoa sehemu kubwa ya muda huo.

Hoja hiyo ya kupunguza safari za kwenda kwenye kanzidata ndiyo msingi wa MRP Live, iliyomo katika S/4HANA ya SAP iliyozinduliwa 2015. Badala ya kuvuta rekodi kutoka kanzidata, kuzihesabu kwingine na kuzirudisha, hesabu hufanyika ndani ya kanzidata yenyewe. Faida ni kubwa, ila nyongeza zilizoandikwa kwa ajili ya MRP ya zamani hazifanyi kazi humo mpaka ziandikwe upya, na vipande ambavyo njia mpya haiviwezi hurudishwa kwenye ile ya zamani. Kampuni isiyoviangalia vipande hivyo italipia mfumo mpya na kuendelea kusubiri.

Kazi iliyokuwa ya usiku kucha ikishuka hadi dakika 20, MRP inaweza kuendeshwa mchana pia. Oda iliyoingia saa nne asubuhi inakuwa na maombi yake ya ununuzi mezani kabla ofisi ya manunuzi haijafungwa, na msambazaji anapigiwa simu siku hiyohiyo.