Juu ya Njia ya Yeriko: Tusome Maandishi ya Roma juu ya Mitandao ya Simu



Siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 2023, ofisi ya Roma yenye kuangalia mambo ya mawasiliano ilitoa maandishi juu ya namna wakristu wanavyokaa katika mitandao ya simu. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita: Tuelekee kuwapo kwa kweli. Wengi kati yetu walisikia jina tu. Wengine waliyapokea katika simu, wakayatuma kwa wenzao, bila kuyasoma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa nimeyasoma polepole, na ninataka kusema mbele yenu ni nini iliyo nzuri ndani yake, na ni nini inayopungua kwa sisi watu wa Likasi.

Maandishi hayo yanashika mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, ni mfano wa Msamaria mwema (Luka 10, 25-37). Yanasema kwamba mitandao ni njia, sawa njia ile ya kushuka toka Yerusalema mpaka Yeriko. Juu yake watu wengi wanapita. Wengine wameumizwa, wengine ni wanyang'anyi, wengine wanatazama na kupita. Basi mkristu aulize: jirani yangu ni nani juu ya njia hii? Sura ni nne. Ya kwanza inaonyesha mashimo ya njia. Ya pili inatutoa katika kujua tu, mpaka kukutana na mtu. Ya tatu inatutoa katika kukutana, mpaka kuwa jamaa moja. Ya nne inaeleza namna ya mkristu ya kusema na ya kusikiliza.

Ni mafundisho mazuri, na si mageni kwetu. Hapa Katanga, tangu miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifundisha wakristu wa kambi za Kolwezi namna hiyo hiyo, na watu wakaiita Jamaa. Kitabu chake cha 1962 kina jina lenye maana ya Kukutana kwetu. Jamaa haikuenea kwa nguvu ya karatasi. Ilienea nyumba kwa nyumba, mume na mke wakikaa chini pamoja na mume na mke wengine. Magumu yaliyofuata tunayajua. Lakini mzizi ulikuwa mzuri: mtu anapokea neno toka kwa mtu anayemjua.

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe, maana kukosoa maandishi ya wengine bila kujikosoa ni kazi rahisi.

Katika jumuiya moja ya paroisi nilipotumika, mama mjane aliugua. Mwanawe aliandika habari katika grupu ya simu. Kabla ya jua kuzama, watu zaidi ya makumi matatu walikuwa wamejibu: Pole mama. Tunakuombea. Wengine walituma ile alama ya mikono miwili inayoungana. Mimi padri wake niliandika vilevile, nikaweka simu, nikala. Siku ya tisa mkatekista mzee, asiye na simu ya namna hiyo, alisikia habari sokoni. Alikwenda kwa miguu. Alimkuta mama peke yake katika lupangu, mtoto amekwenda kutafuta makuta, maji yamekwisha ndani ya ndoo. Hakuna mtu wa grupu aliyekuwa amefika.

Wandugu, nilipofungua tena mfano wa Msamaria, sikuweza kusoma haraka. Wa kwanza aliyepita ni nani? Ni kuhani. Alimwona, akapita. Mimi nilifanya zaidi: nilimwona, nikaandika, nikapita. Na ile maandiko yangu ilinidanganya, maana nilidhani nimesimama.

Hapo ndipo maandishi ya Roma yana haki kabisa. Yanasema wazi kwamba mtu hawezi kushiriki chakula kwa njia ya kioo cha simu. Sisi tulijua hayo tayari katika mwaka 2020. Toka mwezi wa Machi mpaka tarehe 15 Agosti makanisa yalifungwa katika nchi yetu kwa sababu ya korona, na mapadri wengi walituma mahubiri kwa simu. Ilikuwa vizuri kufanya hivyo, maana sauti ilifika. Lakini Ukaristia haikufika kwa simu, na mafuta ya wagonjwa hayakufika. Tukumbuke pia kwamba Konsili ya Vatikano ilitangaza maandishi mawili kwa siku moja, tarehe 4 Desemba 1963: moja juu ya Liturgia, lingine juu ya vyombo vya kupasha habari. Nasi tusiyatenganishe. Sauti inayokwenda mbali inapaswa kurudisha watu kwenye altare na kwenye kitanda cha mgonjwa.

Watu wa Asia walituonyesha jambo hilo. Katika mwezi wa Februari 1986, mjini Manila, Kardinali Jaime Sin alisema katika Radio Veritas, akaomba watu watoke waende kwenye njia kubwa iitwayo EDSA, wawasaidie askari waliokuwa wamemkataa rais Marcos. Walikwenda wengi sana, na rozari mikononi, na chakula, wakasimama mbele ya vifaru. Redio ilisema, lakini ni miguu iliyosimama. Kama watu wangejibu tu kutoka nyumbani kwamba wanakubali, vifaru vingepita.

Sasa niseme yanayopungua. Naona mambo mawili.

La kwanza. Maandishi yanazungumza zaidi na mtu mwenye simu yake mwenyewe, anayekaa peke yake mbele yake. Ni kweli, yanakumbuka kwamba wengine wamebaki nje ya njia. Lakini kwetu kuna namna ya tatu: simu moja ya nyumba nzima. Baba anafungua sauti iliyotumwa, na bibi, watoto na jirani wa lupangu wanasikia. Mega zikikwisha, habari inaendelea kwa mdomo. Umeme ukikatika, vilevile. Basi kwetu ujumbe wa simu haumaliziki ndani ya simu. Unapokelewa na mdomo wa mtu, na mdomo huo unaweza kuongeza chumvi au kuweka sumu. Tulisikia uongo mwingi juu ya korona uliopita namna hiyo. Kwa hiyo swali letu si tu: nitatuma nini? Ni pia: nani atalipeleka neno hili ndani ya lupangu, na je, anajua kulisema vizuri? Kazi hiyo ni ya mkatekista. Nilitamani maandishi yamtaje yeye kwa nguvu zaidi.

La pili. Maandishi yanatazama wale wanaopita njiani. Lakini njia hii imejengwa na nani? Sisi wa Likasi hatuwezi kuacha swali hilo. Simu inataka shaba katika nyuzi zake na kobalti katika batiri yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu. Shituru iko hapa mjini, na watoto wa paroisi zetu wamo katika mashimo. Mtu wa mbali anashika mkononi kipande cha udongo wetu, lakini hatujui jina lake, naye hajui letu. Hata zamani ilikuwa hivyo: uraniumu ya Shinkolobwe, karibu na mji wetu, ilitumiwa katika bomu lililoanguka juu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Udongo wetu ulifika kwa watu wa Japani kabla ya salamu yetu. Basi kuunganishwa na mtu si bado kuwa jirani yake. Tarehe 31 Januari 2023, kule Kinshasa, Papa Fransisko aliwaambia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo. Neno hilo lilisemwa miezi minne kabla ya maandishi haya. Ningefurahi kuyasoma pamoja, maana mtu aliyeumizwa kando ya njia anaweza kuwa ndiye aliyeichimba.

Je, tufunge simu? Hapana. Msamaria hakukataa kupita njia ya Yeriko kwa sababu ya wanyang'anyi. Alipita, akasimama, akashuka juu ya mnyama wake, akagusa vidonda, akalipa makuta, akaahidi kurudi. Haya yote ni matendo ya mwili na ya mfuko.

Kwa hiyo ninashauri mambo matatu madogo. Kila grupu ya jumuiya iwe na watu wawili ambao kazi yao ni kwenda: habari ya mgonjwa ikifika, wao wafike kabla ya siku mbili kupita. Tena, padri asitume ujumbe mrefu usioweza kusemwa tena kwa mdomo na mkatekista. Na katika seminari, mwanafunzi anayejifunza kutengeneza picha na sauti ajifunze pia njia za mtaa kwa miguu yake.

Yule mama alipona. Nilipokwenda mwishoni kumwona, alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, wala hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba ujumbe wangu mwanawe alimsomea. Tangu siku ile, ninapotaka kuandika Pole, natafuta kwanza viatu vyangu.