Ndugu Wote: Barua ya Papa Fransisko Ikisomwa Baraka na Fizi

Barua «Fratelli tutti», ambayo marehemu Papa Fransisko aliitia sahihi kule Assisi siku ya 3 Oktoba 2020, imekwisha kupita mikononi mwa mapadri wengi wa kwetu. Wengi wameisifu, wachache wameisoma mpaka mwisho. Tusiwalaumu sana: ina namba 287, na mwalimu wa kijijini ana shamba lake pia. Lakini tumesikia ginsi inavyotajwa katika mahubiri: ati dini zote ni moja, kinachotakiwa ni moyo mwema tu. Na waseminari wengine wanajibu kwa hasira: Kama ni vile, sisi ni nani basi, na tumeacha nyumba za baba zetu kwa kutafuta nini? Swali lao ni la kweli. Lakini pande zote mbili wamesoma kichwa cha barua tu.

Maana namba 143 inasema waziwazi kwamba asiyejijua mwenyewe hawezi kuzungumza na mwingine. Na namba 277 inakubali kwamba wengine hunywa katika chemchemi zingine, lakini kwetu sisi chemchemi ya heshima ya mtu na ya undugu ni Injili ya Yesu Kristu. Hapo pako wapi pa kuchanganya dini? Anayetumia barua hii kwa kusema dini zote ni moja, amwachie Papa maneno yake, atafute mengine.

Sasa tuisome toka Baraka. Hata jina la mji ule ni neno ambalo Mkristu na Mwislamu hulitamka sawasawa. Uislamu ulifika pwani ile pamoja na wachuuzi wa Ujiji, siku za pembe za ndovu na za watumwa. Wametuachia maumivu, wametuachia na lugha. Mwalimu wa katekisimu akifundisha sala, sadaka, toba, malaika na shetani, maneno hayo yote yametoka kwa Waarabu. Tungetaka kujenga ukuta kati yetu na Waislamu, tungejenga kwa matofali yao. Na mtu akifiwa, jirani wa dini nyingine anakuja kukaa matangani, bila kungoja mkutano wa wakubwa. Ndiyo sababu sura ya nane ya barua, ile ya dini, haikututosheleza. Inaishia juu, kwa Papa na Imamu Mkuu wa Al-Azhar pamoja na mwito wao wa Abu Dhabi wa mwaka 2019. Ni jambo kubwa, hatulidharau. Ila matangani kule Baraka hatukulikuta.

Lakini lawama yetu kubwa iko mahali pengine, katika namba 222 mpaka 224, juu ya wema. Papa anachukua neno la Mtume Paulo kwa Wagalatia (5,22), lile ambalo Biblia ya Kiswahili ya pwani imelitafsiri «utu wema». Tafsiri njema kuliko za Wazungu! Kwa Kiswahili anayeuliza «mimi ni nani» na anayeuliza «nitende wema gani» wanakutana katika neno moja: utu. Kisha barua inatuonyesha wema huo katika kusema tafadhali, samahani, asante. Kweli Papa anaonya kwamba si adabu ya juujuu. Hata hivi mifano yake ni ya watu wanaopitana njiani mjini, wenye haraka.

Baraka imeona mfano mwingine. Siku ya 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi mbele ya misioni. Padri Luigi Carrara alitoka katika kitubio. Waliamuru apande gari, akakataa, akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akauawa palepale. Jioni, kule mlimani Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Waitalia wale watatu walikuwa na miaka 30, 31 na 34: umri wetu sisi tunaoandika haya.

Joubert alikuwa na miaka 56. Alizaliwa Mrumbi mwaka 1908, baba Mfaransa, mama Mwafrika. Baba yake, kapiteni Joubert, ndiye aliyepigana na wachuuzi wa watumwa kandokando ya Tanganyika. Siku za ukoloni mtu wa damu mbili hakuhesabiwa vema na Wazungu wala na weusi. Ninyi waseminari mnaouliza «sisi ni nani», mwangalieni huyo: mwana wa pande mbili, padri wa Wafrika, aliyekufa pamoja na mgeni toka Italia.

Tumesikia pia mhubiri mmoja akisema kwamba Waislamu ndio waliowaua. Si vile. Uasi ule ulikuwa wa siasa, na wengine kati ya waasi walisoma katika shule za misioni. Miezi kumi na mmoja baadaye, siku ya 28 Oktoba 1965, Mtaguso ulitoa «Nostra aetate», unaotuambia tuwaheshimu Waislamu. Hatuwezi kuwakumbuka Wenye heri wetu, waliotangazwa Uvira siku ya 18 Agosti 2024, kwa kuwachukia jirani wasio na kosa.

Mwishoni barua inataja waliomwongoza Papa: Fransisko wa Assisi, Martin Luther King, Desmond Tutu, Gandhi, kisha Charles de Foucauld, aliyetaka kuwa ndugu ya wote na akauawa Tamanrasset mwaka 1916. Mwalimu wa Fizi atakapoifundisha, aanze na namba 277, asimulie habari za Joubert, ndipo asome juu ya wema. Na jirani Mwislamu akisimama mlangoni kusikiliza, mwalimu asishushe sauti.