Besi ya Ahmed Abdul-Malik na Nasaba ya Muziki Wake

Katika jukwaa la taarab ya Unguja mpiga besi husimama nyuma ya wapiga fidla. Wasikilizaji humtunza mwimbaji, humsifu mpiga ganuni, kisha hurudi majumbani mwao bila ya kulijua jina la yule aliyeushikilia wimbo usianguke. Hali hiyo si ya visiwani peke yake. Ahmed Abdul-Malik, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1927 na kufariki mwaka 1993, alisimama vivyo hivyo nyuma ya mabingwa wa jazi wa zama zake. Tofauti yake na wenzake ni kwamba alipiga na udi pia, na alipouweka udi chini, besi yake haikuusahau.

Agosti 1958 alikuwa katika kundi la mpiga piano Thelonious Monk pale Five Spot, New York, na santuri mbili zilirekodiwa humo. Kazi ya besi katika jazi ya wakati ule ilikuwa kutembea, yaani sauti moja kwa kila pigo, bila ya kusita, kama mizani ya shairi isiyokubali kupunguziwa silabi. Abdul-Malik hakuwa mpigaji wa madoido. Wapo waliomwona mzito, na kwa anayetafuta wepesi wa vidole hawakukosea sana. Lakini Monk alikuwa na mazoea ya kugonga vibonye viwili vya jirani kwa pamoja, kama mtu anayeitafuta sauti iliyofichika katikati yake, ambayo piano haina. Nyuma yake alikuwapo mtu aliyeijua sauti hiyo ilipo. Shingo ya besi kubwa haina vigawanyo, sawasawa na shingo ya udi na ya fidla, na kidole hutua kinapotaka. Robo ya sauti, ambayo kwa mpiga piano ni muhali, kwa mpiga besi ni suala la sikio tu.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 1958, alirekodi santuri yake mwenyewe, *Jazz Sahara*. Kutoka kundi la Monk alimchukua Johnny Griffin, mpiga saksafoni. Ganuni ilipigwa na Jack Ghanaim, na fidla na Naim Karacand, mzaliwa wa Halab, Syria. Dafu na darabuka zilikuwamo, pamoja na ngoma za jazi. Nyimbo ni nne tu, ndefu zote. Aliyezoea bashrafu atajiona mwenyeji tangu mwanzo: ganuni na fidla zinauchukua mwendo mmoja bega kwa bega, kila chombo kikiupamba kwa namna yake, na chini yao hakuna ule msafara wa sauti zinazobadilika ambao jazi huutegemea. Kuna ardhi moja, nayo haihami. Hapo ndipo besi ya Abdul-Malik inapobadili adabu yake. Haitembei tena. Inarudia, inangoja, inaiachia darabuka nafasi ya kusema.

Kisha Griffin anaingia, na mshono unasikika. Yeye hazitafuti robo za sauti. Anapiga bluzi yake ya Chicago kwa kasi yake ileile. Wahakiki wengine wameliona hilo kuwa ni kasoro. Lakini lau Griffin angejitia Uarabu, santuri ingekuwa maigizo. Alivyobaki yeye mwenyewe, ilibidi besi isimame katikati ya lugha mbili na kuzitafsiri zote bila ya kuisaliti yoyote. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuzichanganya. *East Meets West*, iliyofuata ikiwa na wapulizaji mashuhuri zaidi, ilizichanganya, na haina uzito ule.

Kuna jambo ambalo halifai kurukwa. Kwa miaka mingi Abdul-Malik alieleza kwamba baba yake alitoka Sudan, na waandishi wakaipokea habari hiyo kama ufunguo wa muziki wake: damu ilikuwa imemwita. Mwaka 2012 mwanahistoria Robin D. G. Kelley alionyesha katika kitabu chake kwamba wazazi wake walitoka Saint Vincent, kisiwa cha Karibi, na kwamba alizaliwa akiitwa Jonathan Tim. Mwambao unazijua nasaba za namna hiyo, zilizoshonwa baadaye kama kanzu ya kuazima. Hapana haja ya kushangaa wala ya kucheka. Lililo zito ni kwamba masikio yangeweza kuuliza mapema zaidi kuliko nyaraka. Nyimbo za Sudan aghalabu hujengwa juu ya sauti tano, na makamu zenye robo ni nadra humo. Kinachosikika katika *Jazz Sahara* ni Sham na Misri. Nasaba ya kweli ya muziki ule inapita Halab na kufikia mitaa ya Waarabu wa Brooklyn, kwa watu kama Karacand, nayo ilipatikana kwa kujifunza. Waliomsifu kwa damu walimnyima sifa ya jasho, na yeye mwenyewe, kwa hadithi yake, aliwasaidia kumnyima.

Novemba 1961 alikuwa pamoja na John Coltrane pale Village Vanguard, na hapo hata besi hakuishika. Waliipiga wengine, yeye alivumisha sauti ya chini isiyokatika, juu yake saksafoni zikapanda. Ni vigumu kumtaja mwongozaji mwingine wa kundi aliyekubali nafasi ndogo kiasi hicho.

Mwaka 1964 alirekodi *Spellbound*, santuri ya nyimbo za filamu, ikiwamo ile ya Kigiriki iliyovuma duniani kote. Si kazi yake kubwa kuliko zote, lakini besi imetulia humo kuliko popote. Udi hakuupiga. Alimwachia Hamza El Din, Mnubi wa kandokando ya Nile, jirani wa kweli wa Sudan, naye akabaki nyuma na nyuzi zake nne, akimngoja mwenzake amalize.