Ada Inayotoka kwenye Mauzo

Anayetaka kufungua biashara ya ushauri huko Othaya, Nyeri, hana haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano. Apande tu kuelekea Chinga, asimame kwenye kituo cha kununulia chai saa ambayo wakulima wanachambua majani wakisubiri mzani.

Mfano wenyewe ni KTDA, wakala wa kusimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo Kenya. Haimiliki mchai wala kiwanda. Viwanda vya hapo, Chinga na Iriaini, ni kampuni ambazo hisa zake zimeshikwa na wakulima wenyewe. Inachouza KTDA ni usimamizi: meneja, mhasibu, afisa ugani, uagizaji wa mbolea kwa pamoja, na njia ya kufikia mnada wa Mombasa. Ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali, ikirithi chombo cha kikoloni cha 1960, na mteja hakuwa na hiari. Ilipogeuzwa kampuni mwaka 2000, viwanda vikawa wateja wa mkataba na vilevile wenye hisa zake.

Siri ya kukua kwake ni namna ya kutoza. Kwa miaka mingi ada ilikuwa asilimia 2.5 ya mauzo halisi. Mkulima hatoi shilingi mfukoni kabla ya chai kuuzwa, na bei ya chai ikianguka, mshauri naye anaumia. Hapo ndipo ushauri unapoweza kumfikia mtu mwenye mashina mia chache tu.

Lakini tazama hesabu kwa makini. Kwa kiwango hicho, kiwanda kikiuza chai ya shilingi bilioni 1, ada ni milioni 25. Kuni na umeme vikipanda kwa milioni 50, ada ni ile ile milioni 25, na pengo lote linakatwa kwenye bonasi ya mkulima. Asilimia ya mauzo humfunga mshauri kwenye mapato ya mauzo tu, gharama haimgusi. Naona hii ndiyo kasoro kubwa ya mkataba ule, na sikushangaa Sheria ya Chai ya 2020 ilipoweka kikomo cha ada.

KTDA pia ilipanuka kwa kumuuzia mteja yule yule huduma zaidi: bima kupitia Majani, mikopo kupitia Greenland Fedha, biashara ya chai kupitia Chai Trading. Hakuna ukuaji wenye gharama ndogo kuliko huo. Ila anayekushauri ukope akiwa na duka la mikopo, utamwamini kwa kiasi gani?

Kijana mwenye shahada ya kilimo anayetaka kuwashauri wakulima wa kahawa wa Othaya angeanza na risiti za kilo za msimu uliopita. Apeleke udongo ukapimwe kwenye kituo cha utafiti wa kahawa Ruiru, atoze kiasi kidogo kwa ziara, na ada iliyobaki alipwe kutokana na kile kinachosalia baada ya mbolea, dawa na vibarua kulipwa. Mbolea yenyewe mkulima ainunue kwingine.