Bamba, Kalibu na Karatasi

Karatasi ina sharti ambalo halijadiliki: inakubali kupindwa, haikubali kuvutwa. Ukitaka bomba, sanduku au koni, utapata. Ukitaka tufe, lazima uikate kwanza. Ndiyo maana anayebuni kielelezo cha karatasi cha kifaru cha Vita Kuu ya Pili hukutana na swali ambalo mchonga mbao anaweza kulipita bila kulitazama: kifaru chenyewe kilitengenezwaje kiwandani? Uzuri wa kazi yake unategemea jibu hilo.

Tuanze na Tiger ya Wajerumani, iliyoingia vitani mwaka 1942. Ni mabamba bapa yaliyokatwa na kuchomelewa, la mbele likiwa na unene wa milimita 100. Kichwa kinachozunguka na mzinga ndicho cha kustaajabisha: mbavu zake mbili na mgongo ni bamba moja tu, limepindwa likazunguka hadi nyuma na kurudi upande wa pili. Kwenye karatasi sehemu hiyo inatoka vilevile, ukanda mmoja na mpindo mmoja. Mikono ya mjenzi inarudia tendo la kiwanda. Tiger iliyotekwa Tunisia Aprili 1943, ambayo leo iko kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, inaonyesha wazi jinsi kingo za mabamba zilivyoumana. Mbunifu makini huchora maungio hayo palepale karatasi inapokunjwa, na mkunjo unakuwa sehemu ya kifaru.

T-34-85 ya Wasovieti, ya mwaka 1944, ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Kiwiliwili chake hakina ubishi: bamba la mbele la milimita 45 limelazwa nyuzi 60 kutoka wima, na karatasi inalifuata bila tatizo. Lakini kichwa kilisubiwa. Chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa kwenye kalibu, mashavu yakatoka yamevimba juu-chini na mbele-nyuma kwa pamoja. Hapo karatasi inagoma. Mbunifu hana budi kuligawa shavu vipande vilivyochongoka, kama ganda la chungwa linavyochanwa ndipo lilale bapa mezani. Vipande vikiwa vichache, kichwa kinabaki na pembe ambazo hakikuwahi kuwa nazo. Vikiwa vingi, maungio yanaongezeka na uso unaonekana kushonwashonwa.

Ubora wa mbunifu unapimwa hapa, na wapo wanaolitatua jambo hili kwa akili kubwa. Kalibu iliacha alama yake kwenye chuma: mstari ubavuni, mahali nusu mbili zilipokutana. Paa nalo ni bamba lililochomelewa juu baadaye. Ukipitisha maungio ya karatasi kwenye mistari hiyo miwili, udhaifu wa karatasi unageuka kuwa ukweli wa kifaru. Ukiyapitisha katikati ya shavu, hakuna gundi wala rangi itakayokuokoa.

Unene nao una hesabu yake. Poland, ambako jarida la Mały Modelarz lilianza kuchapa vielelezo vya karatasi mwaka 1957, vifaru kwa kawaida hutolewa kwa kipimo cha 1:25. Kwa kipimo hicho bamba la milimita 45 linadai milimita 1.8, na karatasi ya kazi hii ina karibu milimita 0.2. Tazama mlango wa dereva kwenye bamba la mbele la T-34. Ukiachwa umechapwa tu, ni picha ya mlango. Ukibandikwa juu ya kadibodi, ukakatwa kwa kisu kikali na ukingo wake ukapakwa rangi ya kijani ileile, unapata unene wa chuma. Ukingo ukisahaulika, utepe mweupe mwembamba kama uzi unauzunguka mlango wote, na jicho haliuachi.

Sipendi vivuli na kutu vinavyochapwa tayari kwenye karatasi. Vivuli hivyo vimeamua mwanga unatoka wapi kabla kielelezo hakijawekwa mezani, na taa ya chumbani ikitoka upande mwingine, maumbo yanapingana na rangi.

Kuhusu minyororo siwezi kulegeza msimamo. T-34 haina magurudumu madogo ya kuubeba mnyororo juu. Unalala kwenye magurudumu matano makubwa na kulegea kati yake. Baadhi ya vielelezo humpa mjenzi ukanda uliochapwa wa kuzungushia tu, naye akiuvuta ukakaza, kifaru cha tani 32 kinaonekana kitupu. Afadhali pingili zikatwe mojamoja na kuunganishwa, kazi ya jioni nyingi, kisha mnyororo uachwe ushuke wenyewe na kugusa kila gurudumu. Hakuna sehemu nyingine ya kielelezo inayoweza kuonyesha uzito wa kifaru, kwa sababu karatasi yenyewe haina uzito wa kuonyesha.