Kulinda Kilicho Hafifu

Ukifungua faili la nebula lililotoka kwenye kamera sasa hivi, skrini huwa nyeusi. Nyota chache zinaonekana, ndogo na nyeupe, na nyuma yake giza tupu, hata kama lenzi iliachwa wazi dakika tano nzima. Asiyeijua kazi hii angelifuta faili lile akidhani kamera ilikosea. Kumbe nebula imo mle. Imebanwa upande wa kushoto kabisa wa histogramu, katika kipande chembamba cha viwango ambavyo sensa inaweza kuandika, na jicho haliwezi kuitenganisha na weusi ulioizunguka. Kazi ya kuitoa pale bila kuiharibu ndiyo ninayotaka kuisifu.

Wapo wanaoiona picha ya mwisho, na mawingu yake mekundu na samawati, wakasema, "Hizi zimetengenezwa kwenye kompyuta." Ni kweli zimetengenezwa, na ufundi wenyewe upo hapo. Usiku hutumika kukusanya mwanga. Baada yake huja siku nyingi za kuamua, hatua kwa hatua, kipi kilitoka angani na kipi kilitoka kwenye kifaa, kwenye joto la sensa au kwenye taa za mji.

Hatua za mwanzo hazina mapambo. Darubini hufunikwa, zikapigwa picha za giza kwa muda uleule na joto lilelile la picha za anga, ili ijulikane sensa inazua nini yenyewe pasipo mwanga wowote: pikseli zinazowaka ovyo, mng'aro wa pembeni unaotokana na saketi. Kinachopatikana hutolewa kwenye kila picha ya anga. Kisha alfajiri, kabla jua halijachomoza, fulana nyeupe hutandazwa kwenye mdomo wa darubini, ikavutwa isibaki na kunyanzi, na ule mwangaza wa asubuhi ukapigwa picha. Kinachotoka ni ukijivu mtupu. Ukitazama kwa makini, pembe zina giza kuliko katikati, na hapa na pale pana pete za kivuli zenye tundu katikati. Kila pete ni chembe moja ya vumbi iliyokaa kwenye kioo karibu na sensa. Picha za anga zikigawanywa kwa picha hiyo, pete hutoweka na pembe hurudi kwenye mwanga wake. Hatua hii naipenda kuliko zote. Mtu anapiga picha ya uchafu wa chombo chake kwa uangalifu mkubwa, ili usije ukahesabiwa kuwa sehemu ya anga.

Baada ya hapo picha hupangwa nyota juu ya nyota, zikajumlishwa. Picha moja imejaa chenga, nazo ni za kubahatisha: pikseli iliyozidisha mwanga katika picha hii huupunguza katika ile. Ni sawa na mashahidi. Kila mmoja ana kosa lake, lakini kwa kuwa wote walikuwapo mahali pamoja, lile wanalokubaliana ndilo lililotokea. Hesabu yake haina huruma: picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, picha 100 huzifikisha sehemu moja ya kumi, na anayetaka kuzipunguza kwa nusu tena lazima afikishe picha 400. Mstari wa satelaiti au wa ndege iliyopita hutupwa na programu, kwa kuwa umo katika picha moja tu kati ya zote.

Sasa huja kuvuta. Viwango hafifu huinuliwa kwa mkunjo wa kihesabu huku vile vyenye mwanga mkali vikizuiwa visipite kiasi. Ukivuta kidogo, ukungu unaanza kuonekana pembeni mwa nyota. Ukivuta tena, ukungu unapata kingo, mikunjo, mifereji ya giza. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Katika Nebula ya Orioni, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,350, nyota nne za Trapezi zinaangaza katikati kwa nguvu nyingi mno kuliko vumbi lililo pembezoni. Mwenye pupa huvuta mpaka pembezoni papendeze na katikati pakaungua, pakabaki doa jeupe. Fundi atakuwa amepiga pia picha za sekunde chache kwa ajili ya moyo ule peke yake, naye atazioanisha na zile ndefu taratibu, hadi nyota zote nne zihesabike.

Jaribu kubwa kuliko hilo liko upande wa pili, kwenye weusi. Programu yoyote ya picha ina mahali pa kuchagua kiwango cha weusi, na ukikisogeza juu kidogo tu, chenga zote zilizobaki huzama. Anga linakuwa jeusi na safi, nyota zinameta, picha inavutia. Tazama kilichopotea. Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu walizitazama kujua majira, zinapita katika wingu la vumbi, na vumbi hilo linaakisi mwanga wao wa samawati. Usamawati wa karibu na nyota ni rahisi kuupata. Lakini vumbi haliishii hapo. Linaendelea mbali, limefifia, lina rangi ya kahawia, na kwenye histogramu limekaa kidogo tu juu ya weusi wa anga. Aliyesogeza kiwango cha weusi amelifuta lote kwa mguso mmoja wa kipanya. Ndiyo maana picha bora za Kilimia hazina anga jeusi tititi. Anga lake ni la kijivu kizito, lenye vurugu kidogo, na mwenye haraka huliona kama kasoro.

Naamini heshima yote ya kazi hii iko katika kukilinda kile kilicho hafifu, na historia yake inanipa sababu. Mwaka 1888 Williamina Fleming, mwanamke kutoka Uskoti aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa mkurugenzi wa kituo cha uangalizi cha Harvard kabla ya kuajiriwa kituoni, alikuwa akikagua bamba la kioo lililopigwa eneo la Orioni. Ndani ya ukungu wa mwanga aliona pengo dogo jeusi, akaliandika. Pengo hilo ndilo Nebula ya Kichwa cha Farasi. Wengine wangelichukulia kuwa dosari ya bamba. Alipaswa kutambuliwa mara moja, lakini orodha ya nebula iliyofuata haikumtaja.

Mwaka uleule wa 1888, mfanyabiashara wa Uingereza Isaac Roberts alipiga picha iliyoonyesha mikono ya Andromeda. Tangu hapo galaksi hiyo imepigwa picha na kila mwenye darubini, wataalamu na wapenzi. Kisha mwaka 2022 Yann Sainty wa Ufaransa, kwa darubini ndogo ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba, alikusanya mwanga wa Andromeda kwa zaidi ya saa 100, ukiwemo uliopita kwenye filta ya oksijeni. Yeye na wenzake Xavier Strottner na Marcel Drechsler waliposafisha data waliona tao refu la samawati kando ya galaksi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutaja kitu. Fikiria uamuzi uliokuwa mbele yao. Doa la namna hiyo huweza kuwa mwako wa ndani ya lenzi, au mabaki ya taa za mji ambayo programu imeshindwa kuyaondoa, na kulifuta ni kazi ya dakika moja. Hawakulifuta. Wala hawakulitangaza papo hapo. Walitafuta wenzao wenye vifaa tofauti mahali pengine, wakapiga eneo lilelile, na tao likatokea tena. Tangazo lilichapishwa Januari 2023 kwa ushirikiano na wanafalaki.

Rangi nazo zina ukweli wake. Haidrojeni inapoangaza katika nebula hutoa wekundu wa nanomita 656.3, ambao kamera za kawaida huzuia sehemu kubwa yake, na ndiyo sababu wapenzi wa kazi hii huzifungua kamera zao na kuondoa kile kioo cha kuchuja. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa nanomita 500.7, kati ya kijani na samawati. Mwanafalaki William Huggins aliuona mwanga huo mwaka 1864, na kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa elementi isiyokuwapo duniani, hadi mwanafizikia Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni, katika gesi nyembamba mno. Picha ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa kwa darubini ya Hubble mwaka 1995, iliipa salfa wekundu, haidrojeni kijani na oksijeni samawati, kwa sababu salfa na haidrojeni zote ni nyekundu na zingechanganyika. Mpango huo ni halali kabisa kwangu, mradi mtu aseme alichofanya.

Nisichokikubali ni programu mpya za akili mnemba zikiachiwa huru. Zinazoondoa nyota ili ukungu ufanyiwe kazi peke yake zina manufaa makubwa. Lakini zile za kufuta chenga, zikisukumwa kupita kiasi, huanza kuchora nyuzi za gesi ambazo hazikuwahi kuandikwa na sensa. Kwa macho zinapendeza. Dawa ni kurudi kwenye faili la kabla ya kusafishwa, ukaliweka kando ya lililosafishwa, ukalinganisha uzi kwa uzi. Usioonekana kabisa kule, uondoke na huku.

Kwa anayeishi huku kwetu na anataka kuanza, nebula ya kuanza nayo ni Karina. Huko London haichomozi kamwe. Mwanafalaki Lacaille wa Ufaransa aliiandika baada ya kufika Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1750. Kutoka Dodoma au Mbeya huonekana kwa macho upande wa kusini, jioni za Aprili na Mei, na pwani, ambako masika hulifunika anga, bado ipo Juni giza linapoingia, imeelekea kusini-magharibi. Kamera yenye lenzi ya kawaida na tripodi vinatosha: picha nyingi za sekunde chache chache, za giza kwa idadi ileile, na fulana. Programu ya Siril ni ya bure na inafanya hatua kuu nilizozitaja. Faili ghafi zisifutwe, hata zikionekana nyeusi, kwa kuwa mwanga wa mwaka huu unaweza kujumlishwa na wa mwakani, nebula ileile ikirudi mahali pake.